Kutu ya rangi au kutu ya kweli?

Kigari changu cha mfano cha Beetle, cha skeli ya 1:24 (kidogo mara 24 kuliko gari halisi), kilianguka, madigadi ikapasuka. Sasa nakigeuza mkweche wenye kutu, unaosubiri fundi gereji.

Kutu ya rangi: paka hudhurungi, puliza spreyi ya nywele, ikikauka paka juu yake rangi ya maji. Kisha lowesha na usugue kwa brashi ngumu; rangi ya juu inabanduka vipande vipande, kutu inachungulia kingoni mwa milango. Naipenda hii.

Kutu ya kweli: stilwaya ya kusugulia sufuria, iloweke kwenye siki, ianike, ipondeponde, unga uugandishe kwa gundi. Rangi yake haina mpinzani, ila chekecha: punje ya nusu milimita hapa ni milimita 12 kwenye gari halisi. Mlangoni inaonekana kokoto. Kwenye ekzosi, safi kabisa.