Barua pepe ya ofisi "popote ulipo": uzoefu wangu na hawa watu wa seva, Kigoma

Kwanza ieleweke kwamba waifai ya ofisi yetu haina tatizo lolote. Nalisema mapema kwa sababu fundi waliyetuletea aliipima kazi yake kwa waifai hiyo hiyo, na hilo nitalirudia mpaka nichoke.

Sisi ni mawakala wa forodha, tunashughulika na mizigo ya Bujumbura na Kalemie. Seva yetu ya barua pepe iko ofisini, ndani ya kabati. Mzee, yaani bosi wetu, aliiweka pale enzi zile laini zinakatika kila mara, ili watu wa ndani waendelee kupelekeana nyaraka hata nje kukiwa kimya. Ndani ya ofisi inapiga kazi vizuri sana. Ukishavuka geti, huna kitu. Mwenzetu aliyeko Kibirizi anasubiri manifesti, yaani orodha ya mizigo, boti inasubiri, wapagazi wamekaa juu ya magunia, na mimi nahangaika kupiga picha karatasi nizitume WhatsApp. Kuna mteja wa ng'ambo aliwahi kumuuliza Mzee kama kampuni hii ipo kweli, mbona ankara zinatoka kwenye simu ya mtu.

Basi tukawaita hawa jamaa. Jina silitaji, ofisi yao kuu iko Dar, na tangazo lao ni tamu: utasoma barua za kazini popote ulipo, fundi anakuja hadi mlangoni. Fundi alikuja kweli. Kijana nadhifu, kifaa sikioni muda wote, salamu yangu hakuiitikia. Akaingia kwenye rauta, akafungua poti, yaani milango ya mtandao, namba 443 na 993 zielekee kwenye seva. Hapo sina neno, ndizo poti zenyewe: moja ya kusomea kwa kivinjari, nyingine ya programu ya barua ya kwenye simu. Halafu akachukua simu yangu, akaandika anwani inayoanza na 192.168, barua zikashuka. "Kazi imeisha, dada." Mzee akalipa.

Jamani, 192.168! Hiyo ni anwani ya ndani tu, kutoka nje haifikiki, hata rauta ya nyumbani kwangu inayo. Na simu ilikuwa kwenye waifai ya ofisi. Huo ni sawa na kuujaribu mwavuli sebuleni, ukatangaza kwamba hauvuji.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kuhusu lile onyo jekundu lililojitokeza kwenye simu, kwamba cheti cha seva hakiaminiki. Hakuinua hata kichwa. "Bonyeza tu endelea." Ndiyo elimu niliyopewa. Onyo lile lipo ili ujue nywila yako unampa nani. Seva yetu ilikuwa imejitengenezea cheti yenyewe, na mtu aliyejipenyeza katikati, tuseme kwenye waifai ya hoteli, naye anaweza kujitengenezea chake, na wewe utakayeona onyo lile lile utabonyeza endelea kwa sababu fundi alikuzoeza. Na vyeti vinavyoaminika siku hizi ni bure! Let's Encrypt wanavitoa, muda wake ni siku 90, na seva yenyewe inavihuisha bila mtu kuigusa. Kwa hiyo kisingizio cha gharama hakipo. Ni uvivu.

Jioni Mzee akapiga simu kutoka Kalemie. Kule wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo yeye bado yuko kazini, mimi niko nyumbani Mwanga na maharage yako jikoni. Hakuna kinachofunguka. Nikampigia fundi. Akaniambia, nanukuu: "Dada, wewe ni mtu wa kompyuta au wa makaratasi? Mimi nimepima, inafanya kazi. Mwambie Mzee abadilishe laini, mitandao ya Kongo ndivyo ilivyo." Akakata.

Asubuhi nikasimama kwenye ngazi za ofisi, nikazima waifai, nikatumia bando langu. Kimya. Sasa Kongo gani hiyo iliyoko kwenye ngazi zetu?

Nikapiga namba yao ya malalamiko nikiwa nimeshapanga maneno yote mabaya ninayoyajua. Akapokea dada mmoja, akanisalimia, akaniuliza kwanza habari za Kigoma. Maneno yakaniishia. Akaniomba nifungue ukurasa wa rauta nimsomee anwani tuliyopewa na mtoa huduma wa intaneti. Ikaanza na 100, ikafuata sabini na kitu. Akaniomba nifungue tovuti inayoonyesha anwani unayoonekana nayo nje. Namba nyingine kabisa! "Basi, tatizo ni hilo," akasema. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma, wawaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kuwa zile za zamani zimewaishia. Fungua poti kwenye rauta yako hadi kuche, mgeni anayetoka nje anaishia kwa mtoa huduma na hapo hakuna wa kumwonyesha njia ya kuja kwako. Yule kijana angezisoma namba mbili tu angelijua hilo. Namba mbili!

Kwa mtoa huduma tuliomba anwani yetu wenyewe isiyobadilika. Tukaambiwa tuandike barua, tukaandika, mpaka leo hatujajibiwa. Hao nao nitawaandikia yao siku nyingine.

Yule dada akatupa njia ya pili. Tukakodi seva ndogo huko kwenye intaneti yenye anwani ya kudumu, na seva ya ofisini ndiyo inayoipigia kwa WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri kati ya mashine na mashine, na kuushikilia muunganisho. Kwetu poti zote zikafungwa. Simu ya kila mtu inapitia hapo hapo kwa ufunguo wake, na ikipotea unaufuta huo mmoja tu, wengine wanaendelea. Umeme ukikatika ukarudi, seva inajiunganisha yenyewe. Cheti akakiweka cha kweli. Tena alitukumbusha jambo ambalo kijana hakuligusa: mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba kampuni na watu wanaotumia VPN katika kazi zao watoe taarifa, kwa hiyo tujaze fomu. Yote hayo kwa simu, bila hata mara moja kuniuliza kama mimi ni mtu wa makaratasi.

Mzee akafungua ankara akiwa Kalemie, ikafunguka na viambatanisho vyake. Siku ile ningeambiwa nitoe nyota, ningetoa tano na soda juu. Nilishaanza hata kuwasifia kwa jirani zetu wa duka la vipuri.

Halafu ikaja ankara yao. Mstari wa kwanza: ufungaji, "imekamilika na kupimwa". Mstari wa pili: "kazi mpya", kwa bei inayozidi ile ya kwanza. Kazi mpya ipi? Tulinunua barua pepe popote ulipo, tukapewa barua pepe ndani ya ofisi, ambayo tulikuwa nayo tangu zamani! Kulipa tulilipa, maana kukatiwa ile seva ya kukodi katikati ya msimu wa mizigo sikutaka hata kufikiria.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Huduma yenyewe inafanya kazi, na hapa Kigoma sijaona mwingine wa kuwazidi. Ukiwaita, mtake yule dada, na kabla ya kulipa mwambie fundi azime waifai mbele yako. Nawapa tatu. Hapana, mbili, ya tatu ni ya yule dada na haihusiani na kampuni. Wakiturudishia pesa ya "kazi mpya" nitakuja kubadilisha. Ankara yao nimeipigia mstari na kuwarudishia kwa barua pepe kutoka Kibirizi, kwa bando langu, na najua imefika kwa sababu wamejibu: "Tafadhali wasiliana na fundi aliyekuhudumia."