Ligeti na Kurtág kwa jioni moja, Budapest

Kwa aliyeko Budapest, au anayepita huko, na hajawahi kuingia kwenye onyesho la muziki wa vikundi vidogo: ukisikia kuna jioni ya watunzi György Ligeti na György Kurtág, nenda. Mimi nilienda na nimeridhika, ingawa nina malalamiko.

Wapigaji ni wanne tu, fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (kubwa zaidi, ya sauti nzito), bila kipaza sauti. Kaa safu za mbele. Utasikia hata wanavyovuta pumzi pamoja kabla ya kuanza.

Watunzi hawa walifahamiana Septemba 1945, kwenye mtihani wa kuingia Chuo cha Muziki cha Liszt mjini humo. Wote ni Wahungari waliozaliwa Romania, na wote walikuja wakitarajia mtunzi mkubwa wa Hungaria, Béla Bartók, atarudi kutoka Marekani. Bartók akafia New York mwezi huohuo. Ligeti alikuwa ameshampoteza baba na mdogo wake katika kambi za Wanazi. Mwaka 1956, Wasovieti walipozima mapinduzi ya Hungaria, Ligeti alitorokea Vienna, Austria. Kurtág alibaki.

Walianza na "Dialogo" ya Ligeti, ya mwaka 1948, chelo peke yake. Mpigaji anadonoa nyuzi huku vidole vya mkono wa kushoto vikiteleza juu yake, kisha unaingia wimbo mzito ambao mara unasemwa chini, mara unajibiwa juu. Sikio lililolelewa na fidla za taarab halipati taabu hapo. Baada yake ikaja kazi ya Ligeti ya 1953–54 kwa vyombo vyote vinne, inayokwenda moja kwa moja bila kituo, kasi na hasira na mizaha humohumo. Aliiandika akijua wakubwa wa nchi yake hawataruhusu ipigwe. Ikaja kusikika mara ya kwanza Vienna, 1958.

Kipindi cha pili ndicho kilichonishika. Kurtág alikaa Paris mwaka 1957 hadi 1958, akakwama kabisa, hadi mwanasaikolojia Marianne Stein akamshauri ajaribu kuunganisha sauti mbili tu. Akirudi nyumbani alipitia Köln, Ujerumani, akamwona Ligeti na kusikia kazi yake mpya. Mwaka 1959 akaandika kazi aliyoiita opasi 1, yaani kazi yake namba moja, ingawa alishatunga mengi kabla. Kila noti pale imepimwa, na kimya kinahesabiwa pia. Kisha "Officium breve", vipande 15, vingi havifiki dakika, kumkumbuka mtunzi Endre Szervánszky. Cha mwisho kinachukua wimbo wa Szervánszky mwenyewe na kuukatiza katikati.

Hapo ndipo waandaaji walipokosea. Karatasi ya ratiba ilikuwa kwa Kihungari pekee, na hakuna aliyetueleza kuhusu vipande hivyo, kwa hiyo watu walikuwa wakipiga makofi katikati ya kazi na kuwavuruga wapigaji. Mtoa maelezo naye aliongea mno kuhusu urafiki wao, wakati muziki ulikuwa unatosha.

Jambo jingine: Ligeti tulimsikia wa kabla ya kutoroka tu. Tulisikia Kurtág alivyobadilika baada ya Köln, lakini si rafiki yake alikofika. Wangeongeza kazi yake ya 1968 ya vyombo hivyohivyo vinne, na kupunguza hotuba, muda ungetosha kabisa.