Tathmini: ckanext-spatial, daraja kati ya katalogi ya ramani za serikali na lango la data huria

Idara ya ramani ya serikali huwa na katalogi yake, mara nyingi programu ya GeoNetwork, ambamo kila safu ya barabara, mito, mipaka na matumizi ya ardhi imeelezwa kwa metadata, yaani maelezo kuhusu data yenyewe. Ofisi inayosimamia data huria nayo ina lango lake, na katika nchi nyingi lango hilo limejengwa kwa programu ya CKAN. Mtu anayetafuta mipaka ya wilaya hajui kwamba hizo ni ofisi mbili, na hana sababu ya kujua. Viendelezi viwili vya CKAN, ckanext-harvest na ckanext-spatial, vimetengenezwa ili kumwondolea mzunguko huo. Ni programu huria, hazina ada ya leseni. Hapa tunavipima kama chombo kimoja, maana cha pili hakiwezi kuvuna chochote, yaani kuleta rekodi kutoka kwenye katalogi, bila cha kwanza.

Tunavipendekeza, kwa sharti moja zito: katalogi ya ramani iwe na mtu mwenye mamlaka ya kusahihisha metadata. Chombo hiki husafirisha rekodi kwa uaminifu mkubwa, pamoja na makosa yake yote. Anayetarajia lango lisafishe kilichoharibika kule kwenye katalogi ataambulia maelfu ya rekodi zilizoharibika mahali pawili.

Kazi hufanyika kwa hatua tatu. Kwanza kukusanya: mvunaji huiuliza katalogi kwa itifaki ya CSW 2.0.2, ya kuulizia katalogi za ramani, impe vitambulisho vya rekodi zote. Pili kuchota: kila rekodi huletwa peke yake ikiwa XML ya ISO 19139, kiwango cha kuandikia metadata ya ramani. Tatu kuingiza: XML husomwa na kugeuzwa kuwa seti ya data ya CKAN. Hatua mbili za kwanza zina foleni zake, na kila foleni inahitaji mchakato unaoisikiliza muda wote, `gather-consumer` na `fetch-consumer`, ikilindwa na Supervisor, programu inayosimamia michakato, ili ikianguka iinuliwe. Juu ya hiyo, cron, kipanga ratiba cha seva, iendeshe `ckan harvester run` kila dakika 15. Amri hii ndiyo inayoanzisha kazi zilizofika wakati wake na kuzifunga zilizokwisha, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Bila cron, data huingia vizuri lakini kazi hubaki imeandikwa kuwa inaendelea, na mavuno yanayofuata hayaanzi. Ukikuta hali hiyo, `ckan harvester job-abort` huikata kazi iliyokwama. Kabla ya yote hayo, jaribu chanzo kimoja kwa `ckan harvester run-test`: hupitisha hatua zote tatu mbele ya macho yako bila kuhitaji foleni, na makosa huonekana papo hapo.

Uwekaji wenyewe si mgumu kwa anayeijua CKAN. Washa `harvest`, `spatial_metadata`, `spatial_query` na `csw_harvester`, ongeza sehemu za mahali kwenye skima ya Solr, injini ya utafutaji ya CKAN, kisha jenga upya faharasa. PostGIS, nyongeza ya hifadhidata kwa data za mahali, haihitajiki tena kwa utafutaji. Tangu toleo la 2 kazi hiyo hufanywa na Solr. Hilo ni punguzo kubwa la usumbufu, na linastahili sifa.

Ugumu umo ndani ya metadata. Kitambulisho cha rekodi, `fileIdentifier`, ndicho uzi pekee unaounganisha rekodi ya katalogi na seti ya data kwenye lango. Mhariri akinakili rekodi ya zamani ili atengeneze mpya, kisha akafuta ile ya zamani, lango huona kifo kimoja na uzazi mmoja: anwani ya zamani hupotea, na kila kiungo kilichowekwa mahali pengine huvunjika. Hariri rekodi ileile, usiinakili.

Tarehe ya metadata, `dateStamp`, ina mtego mwembamba zaidi. Mvunaji huilinganisha na tarehe aliyoikuta mara iliyopita. Kama si mpya zaidi, rekodi hurukwa. Sasa chukua rekodi inayoandikwa siku tu, bila saa. Saa tatu asubuhi mhariri anarekebisha jina, saa nne lango linavuna, saa nane mchana anarekebisha leseni. Marekebisho ya mchana hayatafika kwenye lango, kesho wala mwezi ujao, mpaka mtu aiguse tena rekodi siku nyingine. Hakuna kosa linaloandikwa popote, kwa sababu kwa mvunaji hilo si kosa. Tiba ni kuilazimisha katalogi iandike tarehe pamoja na saa. Dosari hiyohiyo huwapata wanaobadilisha rekodi nyingi moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kugusa tarehe.

Kisanduku cha eneo nacho kinataka jicho. Mvunaji husoma namba nne, magharibi, mashariki, kusini na kaskazini, kisha hutengeneza poligoni ya GeoJSON (muundo wa data za ramani) na kuiweka kwenye sehemu iitwayo `spatial`. Makosa ni ya aina tatu. Mtu ameandika mita za UTM badala ya nyuzi, kwa hiyo longitudo inakuwa 512000, na rekodi haitapatikana kamwe kwa kutafuta kwenye ramani. Au magharibi na mashariki zina namba ile ile, na poligoni inageuka nukta. Hapa angalau ripoti ya mavuno hukuonya. La tatu ndilo baya: longitudo na latitudo zimebadilishana nafasi, namba zote zinakubalika, na data ya nchi moja inakaa juu ya bahari au nchi nyingine bila onyo lolote. Kipimo rahisi ni kuliuliza lango lenyewe: `package_search?ext_bbox=20,-8,24,-3`, ukiweka nyuzi za nchi yako kwa mpangilio wa magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Linganisha idadi inayorudi na idadi ya rekodi zote za chanzo hicho. Tofauti hiyo ndiyo orodha yako ya kazi.

Leseni ni mahali ambapo chombo hiki kinatuudhi kweli. Data huria bila leseni inayosomeka kwa mashine si huria. Mvunaji huchukua masharti ya matumizi kutoka kwenye ISO, huyatupa kwenye sehemu za ziada, na akikuta anwani ya wavuti ndani yake huihifadhi kama `licence_url`. Lakini sehemu rasmi ya leseni ya CKAN, `license_id`, huiacha tupu. Matokeo yake ni kwamba ukurasa unaonyesha leseni haikutajwa, ilhali imeandikwa sentimita chache chini yake, na kichujio cha leseni hakiioni. Inabidi kuandika programu-jalizi ndogo yako inayotekeleza `ISpatialHarvester`, na ndani ya `get_package_dict` uoanishe anwani za leseni na vitambulisho vya CKAN. Ni mistari michache ya Python, ila ni mistari ambayo kila nchi inaiandika upya. Hapohapo ndipo pa kuoanisha pia jina la taasisi mmiliki, maana rekodi zote za chanzo huwekwa chini ya shirika lililosajili chanzo hicho, hata kama katalogi inabeba data za taasisi kumi.

Kuhusu viungo, kumbuka kwamba watu wa ramani na watu wa data huria wanataka vitu tofauti. Rekodi ya kawaida ya ISO ina kiungo cha WMS, na WMS hutoa picha. Mwandishi wa habari anayekibofya hupata ukurasa wa XML wa uwezo wa seva, akafunga dirisha. Kwa safu za vekta, ongeza kwenye rekodi kiungo kamili cha WFS, huduma inayotoa data yenyewe, chenye `request=GetFeature`, `outputFormat=application/json` na `srsName=EPSG:4326`; RFC 7946 ya 2016, waraka wa kiwango cha GeoJSON, inataka GeoJSON iwe kwenye WGS 84, mfumo wa nyuzi ambao msimbo wake ni EPSG:4326. Kisha kagua kikomo cha idadi ya vipengele kwenye seva ya WFS. Safu ikizidi kikomo, faili hushuka ikiwa pungufu na inaonekana nzima. Safu kubwa zitengenezewe faili la GeoPackage usiku na kiungo chake kiwekwe pembeni. Mpangilio wa `ckanext.spatial.harvest.validate_wms` huthibitisha kama anwani za WMS zinafanya kazi. Unachelewesha mavuno, lakini uwashe.

Jambo moja tunalisema kwa msisitizo: usihariri seti iliyovunwa ukiwa kwenye lango. Mara rekodi yake inapobadilika kwenye katalogi, mavuno yanayofuata hufuta ulichoandika. Wafanyakazi wa lango waelezwe hivyo siku ya kwanza, na ikiwezekana wanyimwe kitufe.

Kufuta pia kunataka ulinzi. Kilichokosekana kwenye orodha ya vitambulisho huhesabiwa kimefutwa. Katalogi ikirudisha nusu ya orodha bila kosa, kwa mfano faharasa ya GeoNetwork inapojengwa upya, nusu nyingine hutoweka kwenye lango. Usipange mavuno usiku ule ule wa matengenezo ya katalogi.

Uthibitishaji wa XML uwe mlegevu kwenye mavuno ya kwanza, kwa `continue_on_validation_errors`, usome ripoti, kisha ukaze. Weka pia `clean_tags`, kwa kuwa maneno muhimu yenye mabano na mikwaju hukataliwa na CKAN.

Asili ya msimbo huu inaonekana: ni kazi ya data.gov.uk ya kukidhi mwongozo wa Ulaya wa INSPIRE wa 2007 kuhusu data za ramani, na ISO 19139 ndiyo lugha yake ya mama. Katalogi iliyohamia kiwango kipya zaidi cha ISO 19115-3 bado inaweza kutumika kama inajua kujibu kwa umbo la zamani, kama GeoNetwork ijuavyo, ila baadhi ya sehemu mpya hupotea njiani. Kama katalogi yako tayari inatoa GeoDCAT-AP safi, muundo mwingine wa metadata, kiendelezi cha ckanext-dcat ni njia fupi zaidi, na huko leseni hushughulikiwa vizuri kuliko hapa.

Njia ya kurudi, yaani lango kutoa CSW kwa watumiaji wa programu ya ramani ya QGIS, hupatikana kwa seva ya pycsw kupitia amri ya `ckan-pycsw`. Hupakia rekodi zilizovunwa tu, kwa kuwa hizo ndizo zenye XML ya asili. Seti zilizoandikwa kwa mkono kwenye lango, hata zikiwa na poligoni sahihi, hazitaonekana huko. Zinazohitaji kuonekana ziandikwe kwenye katalogi tangu mwanzo.