Kisongo au KIA: wapi pa kusikiliza injini za ndege?

Wapenda ngurumo za ndege wa Arusha na Moshi hawajaacha kubishana kama uwanja wa Kisongo, yaani uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, unauzidi ule wa KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, na mjadala huo unastahili jibu la makini.

Kwa gharama, Kisongo ni nafuu kwa mkazi wa Arusha. KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya miji hiyo miwili, hudai basi la Moshi hadi njia panda, kisha bodaboda. Kwa uhakika wa kusikia ndege, asubuhi za msimu wa watalii Kisongo haina mpinzani, maana ndege ndogo za propela aina ya Cessna Caravan huondoka moja baada ya nyingine kuelekea Serengeti, ilhali KIA ni lazima kuangalia ratiba kwanza.

Sauti ndiyo kiini. Caravan hutumia injini ya PT6, ambayo ni ya tabo (turbini inayozungushwa na gesi moto), si ya pistoni kama wengi wanavyodhani, na sehemu kubwa ya kelele yake hutoka kwenye ncha za propela zinazokata hewa kwa kasi. Kwa upande wa KIA, jeti kubwa kama Boeing 787 ina nguvu nyingi zaidi, lakini injini zake hupitisha hewa nyingi nje ya sehemu ya kati inayochoma mafuta, na kingo zenye meno nyuma ya ganda la injini hupunguza ngurumo. Anayetarajia kishindo cha jeti za zamani hatakipata, ingawa mtetemo wake mzito wakati wa kupaa ninauthamini mno.

Mwenye asubuhi moja tu aende Kisongo. Anayeishi Bomang'ombe, karibu na KIA, au anayezipenda jeti kubwa hasa, achague KIA.