Majani ya Chai ya Kuanzia: Inuse Pakiti Kabla ya Kulipa

Lalamiko linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wanaoanza kupika chai nyumbani ni kwamba ina harufu ya mbali ya sabuni, ingawa wamekwisha kubadilisha maji, maziwa na hata sufuria. Chanzo chake ni dukani. Majani makavu hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Wachina huitumia tabia hiyo kwa makusudi, wakiyalaza majani pamoja na maua ya asumini mpaka yanukie, na maduka yetu hufanya vivyo hivyo pasipo kukusudia, kwa kuyapanga ubavuni mwa sabuni ya unga na dawa ya mbu. Kwa hiyo rangi na umaarufu sitavigusa. Ninachopima hapa ni ufungashaji.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kuficha upendeleo, Kericho Gold ya vifuko vilivyofungwa kimoja kimoja katika bahasha, inayotengenezwa na Gold Crown Beverages ya hapa Mombasa. Boksi likishafunguliwa, kila kifuko hubaki na kinga yake hata kama kabatini mna vitunguu. Anayejifunza chai ya mkandaa anahitaji maji yaliyochemka barabara, kifuko kimoja, na kisahani cha kufunikia kikombe kwa dakika 3 hadi 5. Bei yake ni ya juu, sikatai.

Kwa chai ya maziwa, nafasi ya pili ni majani ya pakiti, kama Fahari ya Kenya ya Ketepa au Chai Bora ya Tanzania. Ibonyeze pakiti taratibu karibu na pua: ikiwa harufu ya chai inatoka, basi ya sabuni nayo ina njia ya kuingia, na hapo irudishe rafuni. Ukifika nyumbani, kabla ya tangawizi na iliki, ambazo huficha kila aibu, tia kijiko kidogo cha majani katika kikombe cha maji moto, funika, kisha funua na unuse. Yakiwa salama, yahamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, wala lisiwe lile lililokuwa na bizari.

Majani ya kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi ni rahisi kwa bei, na yanashika nafasi ya mwisho.

Kinachoniudhi ni kwamba mnada wa chai wa Mombasa huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, kila fungu likiwa limeonjwa na waonjaji wenye ujuzi, na ile inayokwenda Pakistan, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, hufungwa kwa uangalifu ili ivuke bahari salama, ilhali yetu inaharibikia rafuni. Muuzaji mmoja niliyemwomba aitenge chai na sabuni alinijibu kwamba wateja huvinunua pamoja. Vijipakiti vidogo ndivyo balaa zaidi: gawanya bei kwa gramu na utaona kwamba anayenunua cha gramu 50 mara nyingi hulipa zaidi ya anayenunua nusu kilo, na bado hupewa karatasi nyembamba kuliko zote. Majirani wawili wakichanga fedha wakanunua pakiti moja ya gramu 500, wakaigawa kwenye makopo yao siku hiyo hiyo, watakwepa hasara zote mbili.