Tanki la maji chumvi Mwanza: ununue kipi kwanza usipigwe shoti

Wakuu, ziwa zima la maji baridi liko mlangoni ila wewe roho inataka samaki wa bahari, sawa, roho haipangiwi. Ujue tu kwamba maji chumvi yanapitisha umeme mara mia kadhaa kuliko ya ziwani, na humo ndani una pampu na hita za 230V, taa juu, halafu mkono wako unaingia kila siku. Hela ikiwa ya mawazo mimi napanga hivi.

Namba moja ni RCD, kifaa cha kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na hapa sibishani na mtu. Sio sakiti breka! Breka inalinda waya usiungue, inasubiri ampia nyingi, wakati mtu anakufa kwa miliampia makumi tu. RCD inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikiona unaorudi umepungua maana yake kuna sehemu unavuja, inakata chini ya nusu sekunde. Dukani soma maandishi, iandikwe 30mA au 0.03A, kuna za 100 na 300 ambazo kwa sura ni zilezile lakini hazimlindi mtu, na muuzaji akiwa na hiyo tu ndio atakwambia "hii hii mkuu". Chukua iliyoandikwa aina (type) A badala ya aina AC, maana taa za LED na pampu za kisasa zina elektroniki ndani na AC inaweza isione uvujaji wake.

Kwanini naiweka juu? Miamba. Nyumba za Mabatini, Igogo, Bugando huko juu, fundi anagonga ethi rodi, kile chuma cha kupeleka umeme unaovuja ardhini, kidogo inakutana na jiwe, anakata kipande kilichobaki, anafukia, kazi imeisha. Ethi ya hivyo umeme ukivuja breka inaweza isishtuke kabisa, ila RCD ya 30mA inafanya kazi hata ethi ikiwa na ukinzani wa zaidi ya ohm 1,000. Ukiweza nunua mbili, pampu moja na hita na taa nyingine, maana ikikata usiku haupo pampu zote zikalala, samaki wanakosa hewa. Na kile kibonyezo cha T (cha kujaribia) kwenye RCD kibonyeze kila mwezi, isipokata tupa.

Namba mbili, hita nzuri. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, usiku wa Juni na Julai maji yanapoa na tanki linataka nyuzi 25 hivi. Hita ya kioo inapasuka ukipunguza maji ikiwa imewaka halafu ukamwaga ya baridi, na hapo waya wa moto uko ndani ya maji chumvi moja kwa moja. Ya titani haipasuki ila lazima iwe na plagi ya pini tatu na ethi ya kweli. Kama mfuko unasema kioo, chukua, ila chomoa kabla hujagusa maji.

Namba tatu ni proba ya ethi, kile kijiti cha titani kinachozama kwenye tanki. Ukiwa na RCD ni nzuri sana, hita ikivuja tu inakata kabla hujaingiza mkono. Bila RCD sikushauri, unakuwa umefungua njia umeme upite kwenye maji masaa yote, na kwenye jiwe wala hujui unaishia wapi.

Multimita inafuata, ya bei ya kawaida tu. Ncha moja majini, nyingine kwenye ethi ya soketi. Ukiona volti 20 au 30 usianze kulia, mara nyingi ni umeme wa kuambukizwa na pampu, hauna nguvu. Chomoa kifaa kimoja kimoja uone kipi kinashusha. Ikisoma karibu na 230 usiguse kitu, zima meni swichi.

Ekstensheni iwe ya maana na itundikwe juu, sio chini ya tanki. Chumvi inatambaa kwenye waya hadi kwenye plagi, utakuta pini zina ukoko mweupe, na ukoko huo ukishika unyevu unapitisha umeme. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndio upande, maji yadondokee sakafuni.

Friji gadi ndio ya mwisho kabisa. Inasaidia pampu umeme ukirudi kwa fujo baada ya kukatika, mkono wako haiujui.