Fundi wa fremu kanikatia mzee wangu miguu

Jamani hasira bado ninazo na ni wiki kadhaa sasa. Nilinunua picha ya kuchora kwa kijana mmoja hapa Shela, Lamu, mzee kalala peke yake chini ya mbuyu kule kwenye magofu ya Takwa, kofia kajifunika usoni, miguu kainyosha kuelekea lile kaburi la nguzo. Nilipoiona tu nikasema hii yangu, bei hata sikuvutana sana.

Nikaipeleka mjini kwa fundi wa fremu, jina simtaji ila wa Amu mtamjua. Naenda kuichukua, mzee hana miguu! Kumbe fremu aliyokuwa nayo tayari ilikuwa fupi, badala ya kukata mbao nyengine akashika wembe akapunguza picha. Namuuliza, kaka, miguu iko wapi? Ananijibu bila hata kuinua kichwa, "Mama, wataka miguu ya nini na mtu yuwalala?" Na wateja waliokuwepo wakacheka.

Tena si miguu tu, upande huo huo ndio uliokuwa na nguzo. Kwa wasiojua, Takwa ni mji uliohamwa karne ya 17, watu wake wakavuka maji kutoka kisiwa cha Manda wakaja Shela, na watu wa Shela huenda mpaka pale kaburini kuomba mvua, limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria. Ndo maana nikainunua! Sasa nimebaki na mzee chini ya mbuyu wowote tu, yuko Kibwezi yule, yuko Kitui, nani ajuae.

Haki yake nimpe, fremu yenyewe safi, kona zimeshikana hata ukucha haupiti, na wageni wakija huisifu wallahi, kuna jioni nami naitazama mpaka nachoka kununa. Nilikuwa niseme basi yaishe. Lakini nikarudi kumuomba kile kipande angalau nikiweke, akanionesha karibu na kopo la vanishi, ashafutia brashi! Nguzo ya Takwa kafutia brashi! Na pesa alichukua zote, hakupunguza hata shilingi.

Msimpelekee picha yoyote. Kioo cha kujitazama sawa, hicho hathubutu kukipunguza. Au kama hamna pengine pa kwenda mpelekeeni, ila mkae papo hapo kwenye benchi lake mpaka amalize, na ule wembe muushike nyinyi.